Baba anachora ukuta wa jirani usiku, kaka hataki nimpe rangi

Shikamoo Shangazi,

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo usingizi umegoma kabisa nikaona bora niandike. Naomba jina langu usiliweke. Naishi Igombe huku Ilemela, Mwanza, kazi yangu nanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, naanika, nikishapata magunia kadhaa napeleka Kirumba. Nina miaka 39, watoto wawili, na naishi na baba yangu mzazi, mama alitangulia mbele ya haki 2016.

Baba sasa ana miaka 74. Alikuwa fundi rangi wa mitumbwi, na siyo wale wa kupaka tu ilimradi, yeye ndo alikuwa anapiga ile mistari ya rangi ubavuni na vipembetatu vyake na kuandika jina la mtumbwi kwa mkono mtupu bila rula, matajiri walikuwa wanamfuata mpaka kutoka Ukerewe na Kome. Nikiwa mdogo nilikuwa namshikia kopo. Alikuwa anaegemeza kidole cha mwisho kwenye mbao ndo mkono usicheze, na ulimi ameung'ata kidogo hivi, mpaka leo nikifumba macho namuona.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kuuliza kitu kimoja mara kumi, tukasema uzee. Afu siku moja akapotea kutoka mwaloni kuja nyumbani, njia ambayo kaipita zaidi ya miaka 40, akaletwa na bodaboda usiku. Tukampeleka hospitali wakampima damu, wakampiga na CT skani ya kichwa, daktari akatuambia ni Alzheimer. Kuna vidonge anakunywa ila daktari alisema wazi kabisa kwamba haviponyi.

Mchana yupo tu, anakaa chini ya mwembe anaangalia watu. Shida ni jioni. Ikishafika saa kumi na moja, jua linaanza kushuka upande wa ziwa, baba anabadilika, anatembea huku na huku, anafungua mlango anafunga, anasema wananisubiri, wananisubiri. Nikimuuliza nani hao wanaokusubiri anakasirika ananiambia mi sijui kitu. Na usiku anatoka. Mwezi uliopita alichukua mkaa jikoni kwangu akaenda kuchora ukuta wa jirani, ule ukuta wa nyuma mzima, mstari mmoja mrefu umenyooka toka kona hadi kona, kama usawa wa kifua hivi, juu ya mstari vipembetatu vipembetatu, na kule mwisho kama herufi ila hazisomeki. Jirani kuamka asubuhi kapiga kelele kwamba mzee anamfanyia mambo, kwamba hizo ni alama. Watu wakajaa. Nikafuta mwenyewe kwa maji na fagio huku wananiangalia, hakuna hata mmoja aliyenisaidia. Shangazi niliogopa, wewe unajua huku kwetu mzee akishaanza kusemwa inaishiaga wapi.

Sasa binti wa dada yangu yuko chuo Dodoma, akatuma kwenye grupu la familia video ya wazee wa Ulaya wanapaka rangi, akasema inaitwa tiba ya sanaa, inasaidia wagonjwa kama babu. Kaka yetu mkubwa akajibu kwa voisi, sauti imepanda, kwamba baba yetu siyo mtoto wa chekechea, mnataka kumtia aibu mbele za watu, kama mna hela ya rangi ileteni inunue dawa. Na kaka ndo anatoa hela nyingi, ana duka la spea Buzuruga, kwa hiyo akiongea watu wananyamaza. Wifi yeye anataka mzee apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba.

Mi nikanunua kimyakimya kitabu cha watoto cha kupaka rangi, kina picha ya bata na wanyama wengine, na kalamu za rangi 12. Nikampa baba. Akakifungua, akaangalia bata, akakifunga, akakisukuma kwangu taratibu akasema "mpe mtoto". Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Kwa hiyo kaka yuko sahihi? Namdhalilisha baba? Na hiyo tiba inasaidia kweli au ni mambo ya wazungu wenye muda? Na jambo lingine, hata jina langu hana tena, ananiita kwa jina la dada yake ambaye alishafariki, namrekebisha kila mara maana naona nikiacha ndo atanisahau moja kwa moja. Silali, nakonda. Makopo yake ya rangi ya mafuta na chupa ya tina bado viko uvunguni mwa kitanda chake, nimeshindwa kuvitupa.

Binti wa fundi, Igombe

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu. Pole sana, na kwa kile kitabu cha bata nakupa pole ya pili, maana naona ndo kilichokuumiza kuliko yote.

Barua yako nimeisoma mara nne na kila nikisoma narudi palepale kwenye ukuta. Mstari mrefu, umenyooka, usawa wa kifua, juu yake vipembetatu, mwishoni herufi. Mwanangu, hebu nenda hapo mwaloni kesho usimame ubavuni mwa mtumbwi uliovutwa mchangani ukawekwa juu ya magogo, angalia ukingo wake unakufika wapi. Afu kumbuka fundi alikuwa anaanzia wapi na jina alikuwa analiweka wapi. Baba yako alikuwa anamalizia mtumbwi, ukuta wa jirani yeye hata hakuuona.

Na hao wanaomsubiri? Mi nimekulia Bwiru, najua jua likizama ndo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, maana dagaa anavuliwa gizani. Tajiri akija kwa fundi saa kumi na moja anautaka mtumbwi wake, hataki stori. Miaka zaidi ya 40 mwili wa baba yako umezoea kwamba jua likishuka kuna watu wamesimama pale wanangoja kazi iishe. Chakula cha mchana kimefutika kichwani, hilo la watu wanaongoja limebaki. Naweza kukosea, mi sipo hapo wewe ndo upo, ila leo jioni usimuulize "nani". Muulize "baba, ni mtumbwi wa rangi gani?" kaa naye, msikilize. Na washa taa mapema kabla giza halijaingia ndani, maana kuchafuka jioni kunawapata wengi wenye ugonjwa huu, uchovu wa siku nzima unachanganyika na vivuli, wanashindwa kujua wako wapi.

Nikueleze kidogo kinachoendelea kichwani kwake kwa sababu ukielewa hutamlaumu na hutajilaumu. Jina la ugonjwa limetokana na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alimpokea mgonjwa mmoja huko Frankfurt, mama wa miaka 51 tu, akiambiwa aandike jina lake anaanza afu anapotea katikati. Huyo mama alipofariki 1906 daktari akauangalia ubongo wake kwa hadubini akakuta vibonge na nyuzi zilizojisokota, ambazo leo tunajua ni protini zinazorundikana zinaua seli. Uharibifu huo mara nyingi unaanzia sehemu inaitwa hipokampasi, ndo mlango wa kupokelea mambo mapya na kuyatunza. Ndo maana asubuhi ya leo inaondoka kabla ya ujana wake. Ila ufundi wa mkono, kuendesha baiskeli, kusuka, kushona nyavu, kushika brashi, hautunzwi hapo, unatunzwa huko ndani zaidi na nyuma ya ubongo, na huko ugonjwa kwa kawaida unachelewa kufika. Kwa hiyo mtu anaweza asijue leo ni Jumanne na asimjue mwanae, ukampa brashi mkono ukajua wenyewe pa kwenda.

Kaka yako yuko sahihi nusu. Fundi aliyefuatwa kutoka Ukerewe umempa bata ambaye ameshachorwa na mtu mwingine, kazi yake ajaze tu ndani ya mistari, na kalamu ndogo za mtoto wa darasa la kwanza. Akakurudishia kwa upole akakwambia mpe mtoto. Mwanangu mi niliposoma hapo nilifurahi, kwa sababu hilo ni jibu la mtu ambaye bado anajijua ni nani. Hajui mwaka, anajua hadhi yake. Kosa lilikuwa la bata, rangi haina kosa lolote.

Mwambie kaka kuhusu mtu mmoja anaitwa Willem de Kooning. Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, 1904. Mwaka 1926 akazamia meli akaingia Marekani bila makaratasi, akaanza kwa kupaka rangi nyumba za watu, fundi rangi kabisa kama mzee wetu, baadae akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Marekani. Uzeeni Alzheimer ikamkamata, jina la mtu likawa linamponyoka, lakini miaka ile ya 1980 peke yake alitoa picha zaidi ya 300, aliacha kuchora karibu na 1990 na akafariki 1997 ana miaka 92. Wajuzi wa sanaa walibishana sana kama zile za mwisho zihesabiwe au zisihesabiwe, wengine wakasema mzee hakujua anachofanya. Mi nasema hayo mabishano ni yao wanaonunua picha. Kwa mke, kwa mtoto, kwa yule anayemuogesha, swali ni kama leo alikuwa na saa moja ya utulivu au hakuwa nayo.

Kuna mwingine, William Utermohlen, Mmarekani aliyeishi London, aliambiwa ana ugonjwa huu 1995, akaamua kuuchora uso wake mwenyewe mwaka hadi mwaka. Ukizipanga zile picha unaona macho yanahama, kichwa kinapoteza umbo, mwishoni inabaki kama alama tu ya uso. Zinaumiza kuziangalia. Ila alizichora mwenyewe, hakusubiri mtu amsemee.

Sasa umeniuliza inasaidia kweli au ni mambo ya wazungu wenye muda. Sitakudanganya. Haiponyi. Hakuna rangi wala wimbo unaorudisha seli iliyokufa, na mtu akikuuzia tiba ya sanaa kwamba itamrudisha baba yako kama zamani mkimbie kama unavyotakiwa kumkimbia huyo mtaalamu wa mitishamba wa wifi. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane, wale kazi yao ni kuchambua tafiti za watu wengine, walitafuta ushahidi kuhusu tiba ya sanaa kwa wenye dimensia, yaani magonjwa ya kusahau ambayo Alzheimer ni mojawapo, wakapata tafiti 2 tu ndogo zilizofikia kiwango, wakasema hazitoshi kusema ndiyo wala hapana. Huo ndo ukweli wa kwenye makaratasi. Ukweli wa wanaokaa nao ni kwamba mtu akipata kitu cha mkono anachokiweza, anatulia, anaongea kidogo, anakula vizuri siku hiyo. Siyo wote na siyo kila siku. Jina lenyewe la tiba ya sanaa lilitolewa 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, naye hakuwa daktari, alikuwa mgonjwa wa TB amelazwa, akaona kuchora kitandani kunamvusha siku, akaanza kuwaonyesha wagonjwa wenzake. Siku hizi kuna watu wanaisomea chuoni kabisa. Wewe wa Igombe huhitaji kungoja hao, unahitaji kipande cha ubao.

Ngoja nikusimulie la kwangu kwanza, maana nililikosea na sitaki na wewe ulikosee.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilipikiwa harusi za mtaa mzima. Alipougua akawa anakaa na sisi, mikono haitulii, anakunja kanga anakunjua, anakunja anakunjua, kutwa nzima. Siku moja nikaenda kwa wamama wanaouza vyungu nikaomba udongo wao, bonge moja kama kichwa cha mtoto, nikauleta kwenye sinia. Nikauweka mbele yake sikusema kitu. Aliugusa kwanza kwa ncha za vidole, akaunusa. Afu akachovya mkono kwenye maji, bila kuambiwa, akakata donge akaanza kulipindisha kati ya viganja likawa kamba ndefu laini, akaizungusha, kamba ya pili juu yake, na kidole gumba kinaenda kinafuta kile kiungo kwa ndani, haraka, huku anaangalia nje dirishani wala haangalii udongo. Mwanamke ambaye asubuhi ile alikuwa ameniuliza choo kiko wapi mara sita.

Mi mjinga nikamwambia "mama, hapo umekosea, chungu kimelala upande". Akasimamisha mikono. Akaniangalia, akaangalia chungu, akaona aibu, akaufunika udongo na kanga. Wiki mbili hakugusa tena. Wiki mbili nilizimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe. Baadae nikajifunza kukaa pembeni na udongo wangu, natengeneza vitu vya ajabu ambavyo havisimami, nae ananiangalia ananihurumia ananirekebisha. Hapo ndo tulielewana.

Kwa hiyo nenda kwa mafundi wa mitumbwi hapo mwaloni, waambie wewe ni binti wa nani, watakupa kipande cha mbao kilichobaki, urefu kama mkono na nusu kinatosha. Kipigwe msasa vizuri kisije kikamchoma mkono, au bora zaidi mwachie yeye mwenyewe akipige msasa, hiyo peke yake ni asubuhi nzima ya kazi. Kisimamishe kwa kukiegemeza ukutani, usawa wa kifua chake, usikilaze mezani, maana mkono wake haujazoea meza. Ni asubuhi akishakunywa chai, siyo jioni akiwa ameshavurugika. Rangi ziwe za maji, mbili au tatu tu, na zile alizokuwa anazitumia, kumi na mbili zinamchanganya. Brashi ya mpini mnene, kama ni mwembamba uzungushie kitambaa ufunge na uzi ili ashike vizuri. Na nisikilize hapa, rangi usiweke kwenye kikombe cha chai kwa sababu ataikunywa, hata maji ya kusuuzia brashi atayanywa, weka kwenye kopo pana ambalo halifanani na chombo cha kunywea chochote na usiondoke hapo ukamwacha peke yake.

Afu ushike kopo. Kama zamani. Usimwambie baba njoo ufanye tiba, mwambie kuna kazi. Au usiseme kitu, anza wewe kupiga mstari, upige vibaya, uone kama fundi atavumilia.

Akianza usimuulize "hii ni nini" wala "unakumbuka hii", hayo ni maswali ya mtihani na kila akifeli anazidi kujificha. Sema "nimeipenda hii nyekundu" au "mtumbwi huu ungeenda wapi?" afu pokea jibu lolote linalokuja. Akisema unaenda Ukara, unaenda Ukara. Jina lisiposomeka usilirudie juu kwa mkono wako, liache hivyohivyo. Akichoka baada ya dakika kumi, kumi zinatosha, siku nyingine atakaa nusu saa. Akikataa, toa ubao bila kununa, jaribu baada ya siku tatu. Na siku itafika mstari hautanyooka, itafika na siku brashi hataijua, hapo mpe msasa na ubao mtupu, mpe maboya ayapange kwa ukubwa, mpe kipande cha wavu akishike tu. Usihesabu kwamba imeshindikana.

La jirani sasa, na hili naliona zito kuliko rangi. Hofu yako ni ya haki kabisa. Kanda yetu hii wazee wameuawa kwa kusemwa wachawi, wengi wao wanawake ambao macho yao mekundu yalitokana na moshi wa jikoni tu, na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau anayetembea usiku na kuongea peke yake ni rahisi sana kusemwa. Usikae kimya ukidhani litapoa. Kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi, na ukiweza nenda na mtu wa dini mnayemheshimu hapo mtaani. Mweleze huu ni ugonjwa wa ubongo, mwaka 2021 dunia nzima ilikuwa na watu kama milioni 57 wenye dimensia, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, kwa hiyo siyo wa Ulaya na siyo wa kurogwa. Mwenyekiti ajue pia kwamba kumwita mtu mchawi ni kosa, sheria ya uchawi ipo tangu 1928. Kwa jirani mwenyewe nenda wewe, na dagaa kidogo kwenye mfuko, umwombe radhi ya ukuta wake, afu ukishapata ule ubao wa kwanza mwonyeshe. Aone vipembetatu vilevile vikiwa na rangi kwenye mbao. Mtu aliyekulia mwaloni atavijua mara moja.

Waambie na vijana wa mwaloni na bodaboda wa hapo kijiweni kwamba wakimuona mzee anaelekea majini peke yake wamshike mkono wamrudishe taratibu bila kumbishia. Mshonee namba yako ya simu kwenye kola ya shati kwa ndani. Mlango wa usiku weka komeo juu kabisa, huwa hawaangalii juu, ila hakikisha wewe unaweza kulifungua haraka pakitokea moto. Mkaa na kiberiti visilale jikoni wazi. Na kama siku moja atachafuka ghafla kuliko kawaida yake, ndani ya siku mbili tatu tu, usiseme ugonjwa umepanda, mpeleke hospitali akapimwe mkojo na homa, UTI inaweza kumvuruga mzee mpaka mkadhani amerukwa na akili, na hiyo inatibika. Mkienda kliniki tumia dirisha la wazee, na mwambie daktari kuhusu usiku wake, usimwambie mambo ya kusahau tu.

Kaka usibishane nae kwenye grupu. Kwenye grupu kila mtu ana wasikilizaji. Mpigie umwambie Jumapili aje Igombe asubuhi, umwambie una shida ya kushikiwa ubao, maana ubao unacheza na wewe umeshika kopo. Asishike simu kurekodi, ashike ubao. Mi namwelewa kaka yako, anaogopa kumuona baba akiwa mdogo, na anadhani akilipa dawa baba atabaki mkubwa. Atakapouona mkono ule unaegemeza kidole cha mwisho kwenye mbao sidhani kama atakuwa na la kusema kuhusu chekechea. Na akiwa hapo mwambie pia hulali, mpange zamu, hata usiku wawili kwa wiki mtu mwingine alale hapo. Hilo siyo ombi la hiari mwanangu, wewe ukianguka mzee hana mtu.

Na jina lako. Najua linavyouma, mama mkwe aliniita kwa jina la wifi yake mpaka anazikwa. Acha kumrekebisha. Angalia anakuita nani, dada yake, mtu aliyempenda, mtu aliyekua nae. Kati ya watu wote waliopita maishani mwake amekuweka pale. Akikuita hivyo itika.

Niandikie tena baada ya mwezi uniambie mtumbwi wa kwanza aliupa jina gani, hata kama halisomeki. Na yale makopo ya uvunguni, mwanangu, rangi za mafuta za zamani nyingine zina madini ya risasi, na tina ni moto na ni sumu, mzee anayetafuta kazi yake usiku akiyapata atayafungua kwa meno. Brashi zake zibakize, zioshe uziweke pale anapoziona. Makopo na chupa ya tina vitoe leo kabla hujalala.